Jinsi ya Kulisoma Tairi: Habari za Lori Letu la Kieni

Watu wengi wa huku Nyeri wanunuapo motokaa hutazama kwanza rangi, kisha injini, kisha viti. Na wakiisha kutoa fedha na kukabidhiwa ufunguo, ndipo huyapiga matairi teke moja kwa kiatu, kana kwamba teke hilo ni mtihani. Mimi ni mkulima wa kabichi na viazi huko Kieni, na kwa miaka mingi nimekuwa karani wa chama chetu kidogo cha wakulima wanane tunaomiliki lori moja, la aina ile ambayo kila mtu huiita kanta. Sikusomea ufundi wa magari. Lakini daftari la lori hilo liko mikononi mwangu. Kila lita ya dizeli, kila pancha na kila nati iliyonunuliwa imeandikwa humo kwa wino, na daftari lisemalo kweli humfundisha mtu mambo mengi ambayo fundi hana nafasi ya kumweleza. Ndiyo sababu nathubutu kuwaandikia wenzangu, wakulima na makarani, walio na gari au wanaotumaini kulipata.

Lori letu huuzunguka mlima. Juma hili liko Karatina sokoni, juma lijalo liko Nanyuki, na viazi vikiwa na bei nzuri huenda Meru kwa njia ya Timau, au Embu kwa njia ya Kutus. Katika safari hizo tairi moja hukutana na lami yenye joto la Sagana, baridi ya Timau ambako barabara hupanda kupita mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, changarawe kali za njia za mashambani, miiba ya migunga upande wa Laikipia, na ule udongo mwekundu wa Tetu na Othaya ambao mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Kila pahali pana madhara yake, na madhara hayo yote huandikwa juu ya tairi. Aliye na macho aweza kuyasoma.

Mfugaji wa Mukurweini akimwona ng'ombe amesimama mbali na wenzake, manyoya yamesimama na masikio yameinama, hangoji mpaka aanguke ndipo amwite daktari wa mifugo. Lakini mtu huyo huyo hulipita gari lake kila asubuhi, asione kwamba tairi la mbele limelika upande mmoja mpaka nyuzi zinachungulia. Nami naona si ujinga, bali ni kutojua kwamba tairi nalo lina dalili zake, tena ni nyepesi kuliko za ng'ombe.

Tairi lililolika katikati, kingo zake zikiwa nzima, lilijazwa upepo kupita kiasi. Lililolika kingo zote mbili, katikati kukasalia meno, limekuwa likitembea na njaa ya upepo. Likilika upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, ujue kwamba magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Huenda gari liliingia shimoni kwa nguvu, au bushi na vyuma vya usukani vimelegea, na kazi yake ni kupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kunyosha magurudumu. Na ukipitisha kiganja juu ya tairi ukahisi mabonde na vilima, usililaumu tairi, maana mara nyingi shokamzoba ndizo zilizochoka, nalo gurudumu linarukaruka njiani badala ya kukanyaga. Mtu asiyejua hayo hununua tairi jipya, akalifunga pahali pale pale, na baada ya miezi michache likalika vile vile. Amelipia dalili, ugonjwa ameuacha.

Jambo la pili ni upepo wenyewe. Wengi hudhani kwamba tairi hupasuka kwa sababu upepo umezidi. Yaweza kutokea, lakini adui mkubwa zaidi ni upepo uliopungua. Kila mkulima amewahi kukata waya wa seng'enge bila koleo: huukunja huku na huku upesi upesi, waya ukashika moto mkononi, kisha ukakatika. Ubavu wa tairi lisilo na upepo wa kutosha hufanya vivyo hivyo. Kila likizunguka hukunjwa na kukunjuka, mara mamia kwa kila dakika, na joto huzidi mpaka nyuzi za ndani zikaachana na mpira. Hayo hufanyika ndani, kwa nje huoni kitu. Tena huenda lisipasuke siku ile ulipolipuuza, hupasuka juma la pili, umekwisha kulijaza vizuri, gari limebeba mzigo na jua ni kali, nawe husema, "Lakini nililijaza jana!"

Kipimo kinachofaa hakiandikwi ubavuni mwa tairi, kama wasemavyo vijana wengine. Namba ile ya ubavuni ni upeo ambao tairi laweza kustahimili. Kipimo cha gari lako kimo katika kibandiko kilichobandikwa penye mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari, na kwa magari madogo mengi huwa ni presha 30 au 32 hivi. Gari likibeba watu watano na mizigo, kitabu huagiza nyongeza kwa magurudumu ya nyuma. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Katika nchi yetu ya milima jambo hili lina uzito wake. Joto likipungua kwa digrii 10, presha ya gari dogo hupungua kwa ratili moja au mbili. Mtu akijaza matairi yake Sagana saa nane za mchana, yakiwa yametoka mbioni, kisha akalala Nanyuki, asubuhi atayakuta yamenywea, wala hakuna mwizi wa upepo aliyekuja usiku.

Sasa nirudi katika daftari. Mwaka mmoja nilijumlisha pancha zetu zote, nikapata 14, na kati ya hizo 11 zilikuwa za magurudumu ya nyuma, nyingi za upande wa kushoto. Wenzangu walicheka, wakasema upande wa kushoto umerogwa. Dereva wetu ndiye aliyetueleza. Msumari huwa umelala barabarani kwa ubavu. Gurudumu la mbele hupita juu yake likausimamisha, na la nyuma lifuatalo hulipokea ncha. Tena, kwa kuwa twaendesha upande wa kushoto wa barabara, magurudumu ya upande huo ndiyo yapitayo karibu na ukingo, na huko ndiko magari yanakofagilia misumari, vipande vya chupa na vyuma. Tangu siku ile dereva alijizoeza kutokumbatia ukingo pasipo haja, na mwaka uliofuata pancha zilipungua, ingawa siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu hiyo tu.

Lori la aina yetu lina magurudumu mawili mawili kila upande wa nyuma, na hapo pana hila. Tairi la ndani likipungukiwa na upepo huwezi kuliona, kwa maana mwenzake wa nje hulibebea mzigo, naye kwa kubeba mzigo wa wawili hushika moto, na mwisho huharibika yote mawili. Kwa hiyo madereva wazee hubeba nyundo au kipande cha chuma, na kila wasimamapo huyagonga matairi yote. Lililojaa hulia kama ngoma iliyokazwa, na lililopungua hutoa sauti ya gunia. Jambo hilo halina gharama hata ya senti moja. Kadhalika hutazama kati ya matairi hayo mawili, maana jiwe la changarawe hupenda kubanwa pale, likawa linayasaga mabavu ya yote mawili kila gari linapotembea.

Kuhusu kuziba pancha, nina heshima kubwa kwa vijana wanaokaa kando ya barabara pale Chaka, Karatina na Naro Moru na karai la maji na pampu yao. Wengi wanaijua kazi. Huzamisha tairi majini wakatafuta mapovu, na hupaka mate penye valvu wakangoja kama yatatoa povu, maana mara nyingine tairi zima halina tundu, ila kijivalvu kimechoka. Lakini mwenye gari naye lazima ajue la kukubali na la kukataa. Tundu lililo mahali pa kukanyagia, lisilozidi milimita 6, laweza kuzibwa likadumu, hasa tairi likivuliwa katika rimu na kiraka kikabandikwa kwa ndani. Ile kamba ya mpira yenye gundi isukumwayo kutoka nje pasipo kuvua tairi ni msaada wa njiani, ukufikishe nyumbani. Na tundu la ubavuni halizibwi kabisa. Ubavu ndio unaokunjwa na kukunjuka, basi kiraka hakina pahali pa kushika. Kijana akikuambia, "Mzee, hii nitaishona, na itafika Mombasa," mshukuru, mlipe kwa kazi aliyokwisha kuifanya, ukafunge tairi la akiba.

Vivyo hivyo uvimbe. Gari likigonga shimo au jiwe kwa kishindo, nyuzi za ubavuni hukatika bila mpira kutoboka, kisha upepo husukuma pahali pale pakatokea kijivu kama jipu. Jipu hilo haliponi. Nimewaona watu wakizunguka nalo miezi, wakiligeuza tairi ili uvimbe ukae upande wa ndani, usionekane na askari wa barabarani. Askari hataliona, ni kweli. Lakini shimo litaliona.

Mchezo mwingine ni ule wa kuchonga. Tairi likiisha kuwa kipara, mtu hulichonga mifereji mipya kwa kisu cha moto, nalo likang'aa kama lililotoka dukani jana. Mpira uliokuwa umebaki kuzilinda nyaya za ndani ndio huo uliochongwa ukatupwa! Sitaki kulinganisha jambo hilo na matairi yaliyovikwa ngozi mpya kiwandani, kwa maana hiyo ni kazi halali na nzuri ikiwa mwili wa tairi ni mzima. Hata matairi ya ndege huvikwa tena na tena. Mabasi na malori mengi huyatumia kwa magurudumu ya nyuma. Kuchonga kando ya barabara ni jambo lingine, na mimi naliita udanganyifu.

Hapo ndipo nafika katika kikao chetu cha mwezi wa Novemba 2023, ambacho kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuandika kumbukumbu zake. Matairi mawili ya mbele yalikuwa yamekwisha. Mweka hazina wetu ni mama mmoja mwangalifu sana wa fedha za watu, na sisi sote twamwamini. Alikuwa amepata habari za matairi yaliyotumika ng'ambo, yenye meno marefu, yauzwayo kwa bei chini ya nusu ya bei ya mapya. Akaniambia, "Bwana Karani, nenda ukayatazame. Januari inakuja, na hapa hakuna asiye na mtoto wa shule."

Nilikwenda pamoja na dereva. Kwa kweli meno yalikuwa marefu, na mpira ulikuwa mweusi wenye kung'aa. Nikaomba kitambaa chenye maji, nikapangusa ubavu mpaka nikaipata ile duara ndogo ya mviringo yenye tarakimu nne. Msomaji, tarakimu hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha tairi. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka, na desturi hii imefuatwa tangu mwaka 2000. Moja lilisema 2809, yaani juma la 28 la mwaka 2009. La pili lilikuwa changa kidogo, 1111. Meno yalikuwa marefu kwa sababu hayakutembea. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala, kwa hewa, kwa jua na kwa joto, ukakakamaa na kupasuka nyufa nyembamba kama udongo wa kiangazi. Ule weusi wa kung'aa ulikuwa wa kupakwa. Watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi likipita miaka mitano litazamwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe, hata kama laonekana zima.

Katika kikao nilisoma tarakimu hizo. Mama Mweka Hazina akasema, na haki alikuwa nayo, kwamba lori la jirani yetu linatembelea matairi kama hayo mwaka wa pili sasa. Wengine wakamwunga mkono. Mwenyekiti akamgeukia dereva, ambaye alikuwa ameketi karibu na mlango kwa kuwa yeye si mwanachama, akamwuliza aonavyo. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wazee wangu, mimi nitaendesha mtakachoninunulia. Lakini mke wangu amenituma niulize matairi hayo ni ya mwaka gani."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliahirisha kikao ili chai inywewe, na baada ya chai tulikata shauri kununua mawili mapya kwa magurudumu ya mbele, kwa sababu tairi la mbele likipasuka usukani humponyoka dereva, na kuyaacha ya nyuma mpaka mwaka ufuatao. Mama Mweka Hazina alikubali kwa sharti moja: kwamba karani apime upepo kila Jumatatu asubuhi na kuuandika, ili mali mpya isiliwe na uvivu. Sharti hilo nimelishika.

Nilipokuwa nikitafuta bei za matairi mapya niliona jambo la kusikitisha, kwamba karibu yote yatoka ng'ambo. Zamani tulikuwa na kiwanda chetu Nairobi, kilichoanzishwa na Firestone, kikaja kuwa cha Sameer, na matairi yake ya Yana yalijulikana hata vijijini; kazi ya kutengeneza matairi pale ilikoma mwaka 2016. Historia ya mpira katika Afrika ina mambo machungu zaidi. John Boyd Dunlop alipotengeneza gurudumu la upepo mwaka 1888 huko Belfast, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, hakujua kwamba alikuwa akifufua kitu ambacho Robert Thomson alikuwa amekwisha kukisajili mwaka 1845. Wala hakujua kwamba hamu ya Ulaya ya kupata mpira ingewaangukia watu wa Kongo, ambako wakala wa Mfalme Leopold waliwalazimisha wanavijiji kuugema msituni, na walioshindwa kutimiza kipimo walipigwa, na wengine walikatwa mikono. Na kwetu tairi lililokufa halikutupwa, liligeuka kuwa akala, viatu ambavyo wazee wengi wa hapa walivivaa kwenda shambani na hata kanisani. Jozi ya baba yangu bado iko, na bado yavalika.

Mwaka uliofuata kikao kile, lori likitelemka kutoka Timau kwenda Meru na magunia ya viazi, dereva alisimama kupumzisha breki, akazunguka na nyundo yake. Tairi la ndani la kushoto likatoa sauti ya gunia. Alilibadilisha pale pale. Alituambia kwamba kazi ilimchukua saa nzima, kwa sababu ardhi ilikuwa laini na jeki ilikuwa ikizama mpaka alipoweka ubao chini yake. Tangu hapo ubao haushuki katika lori. Kwa wenye magari madogo nasema hivi: tazama leo, si siku ya pancha, kama tairi lako la akiba lina upepo, kama jeki yapanda, na kama spana yaingia katika nati. Zuia magurudumu mengine kwa mawe kabla ya kuinua gari. Legeza nati gurudumu likiwa bado chini. Uzikazapo, kaza moja kisha iliyo mkabala nayo, na ukiisha kutembea kilomita 50 hivi uzikaze tena. Weka pembetatu zako za kuakisi mbali nyuma ya gari. Na mawe uliyotumia, tafadhali yaondoe barabarani, kwa maana aliye nyuma yako usiku hakuyaweka yeye.

Nimetaja breki, na hapana mtu wa pande hizi awezaye kuzungumza habari za breki bila kulikumbuka daraja la Nithi, katika njia ya kutoka Meru kwenda Chuka. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa liliacha barabara pale likatumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa ajali ya kwanza mahali pale. Wako wanaoilaumu barabara yenyewe, kwa mteremko wake mrefu na kona zake, wala hawakosi haki. Lakini barabara hatuwezi kuinyosha sisi. Mguu wetu ndio tuwezao kuutawala. Dereva akikanyaga breki mfululizo katika mteremko mrefu, vyuma na vitambaa vya breki hushika joto kali mpaka vikakosa kushika. Na katika magari yenye breki za mafuta, mafuta hayo yakiwa ya zamani huwa yamenyonya unyevu wa hewa, na joto likizidi unyevu huo huchemka ukawa mvuke, na kanyagio likazama chini kama limekanyaga mto wa pamba. Kwa hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua. Na mteremko hushukwa kwa gia ya chini, ile ile ambayo ungepandia, injini ikilishika gari, breki zikanyagwe kwa vipindi. Wale wanaotoa gia au kuzima injini ili kuokoa dizeli, wajue kwamba injini ikizimika, msaada wa breki na wa usukani nao huondoka. Wanaokoa vikombe viwili vya dizeli.

Mvua nayo ina hesabu yake. Mifereji ya tairi ndiyo itoayo maji chini ya gurudumu. Ikiwa imelika, maji hukosa pa kwenda, na gari likaelea. Katika nchi nyingi za Ulaya sheria yakataza mfereji wa gari dogo kuwa chini ya milimita 1.6, na ndani ya mifereji ya kila tairi la kisasa mna vijituta vidogo vya mpira vilivyowekwa kwa kipimo hicho, ili meno yakilingana navyo ujue kwamba tairi limekwisha. Lakini kwa masika yetu, na hasa kwa njia ya Nyeri kwenda Othaya penye kona na matope yaletwayo na matrekta, mimi sioni busara ya kungoja mpaka hapo. Likifika milimita 3 naliandika kwa wino mwekundu. Chombo changu ni rula ya shule.

Yaliyobaki nitayapitia kwa haraka, ila moja. Oili ya injini itazamwe kwa kijiti chake injini ikiwa imezimwa na gari likiwa mahali tambarare. Mkanda wa feni ulioanza kulia ubadilishwe kabla ya kukatika. Betri yachoka zaidi katika baridi ya Julai, na mara nyingi si betri iliyokufa, bali ni ule unga mweupe ulioota katika vichwa vyake. Osha kwa maji ya moto na kaza.

Moja nililolibakiza ni rejeta, kwa kuwa mlima wenyewe unahusika. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Mombasa huchemka kwa digrii 100, lakini hapa Nyeri, kwa kuwa tuko juu, huchemka kwa digrii 94 hivi, na Timau chini ya hapo. Injini hufanya kazi kwa joto la digrii 90 hivi, basi pengo ni dogo mno. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta, ambao si kifuniko tu kama cha sufuria; una springi ndani yake inayoyabana maji ili yachemke kwa joto la juu zaidi, nyongeza ya digrii 20 hivi. Mtu akipoteza mfuniko huo akaziba kwa gunzi la mahindi na kitambaa, kama nilivyoona Karatina, atapanda kutoka Sagana akifika juu amefunikwa na mvuke. Akifika hapo asiufungue mfuniko injini ikiwa ya moto, maana maji yatamrukia usoni. Wala asimimine maji baridi ya mto katika injini iliyochemka, kwa kuwa chuma hupasuka. Akae chini ya mti, angoje. Na maji ya mto si chakula cha rejeta. Yana chumvi na takataka zinazoziba mishipa yake. Dawa yake yauzwa dukani kwa rangi ya kijani au nyekundu, na galoni moja hudumu.

Matairi mawili ya nyuma, upande wa kushoto, sasa yamefika milimita tatu. Nimekwisha kuyaandika katika mambo ya kikao kijacho, na Mama Mweka Hazina amekwisha kuniuliza kama hayawezi kungoja mpaka karo ilipwe. Nimemwomba aje Jumatatu asubuhi tuyatazame pamoja kabla lori halijaondoka. Amesema atakuja na rula ya mjukuu wake, kwa kuwa yangu haiamini.